Tairi Linaitwa Kabla Halijafungwa

Siku ile ya Desemba, Krismasi ikiwa imekaribia, uani kwa marehemu Mzee Hamdani tulikuwa watu watano. Niwataje kabisa, kwa sababu siku hizi kila mtu anasema alikuwepo, na wengine walikuwa wameenda kula wali. Alikuwepo Fundi Mbaraka, aliyenifundisha mimi kazi, na yeye ndiye aliyekuwa akifunga matairi. Alikuwepo Kelvin, wakati huo fundi kijana chini ya Mbaraka, leo ndiye mkuu wenu. Alikuwepo Bwana Fahmi, mtoto wa Mzee Hamdani, aliyelirithi duka. Alikuwepo Dada Happiness, mwenye duka la jumla la vyombo vya jikoni hapo hapo Kariakoo, mtu wa Rombo, mteja wetu tangu ana gari lake la kwanza. Na mimi Zuhura, muuza matairi.

Mwenye cha kupoteza siku ile alikuwa mmoja tu, Fundi Mbaraka. Alikuwa haoni, na aliyejua hivyo nilikuwa mimi peke yangu.

Lakini nikianzia hapo mtasema bibi ameanza kupiga chenga. Kelvin ameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa, nyie vijana wa uani, sasa kwa kuwa nimestaafu na sina pa kwenda asubuhi. Basi ngoja nianze mwanzo. Mwandiko mtanisamehe. Shule niliishia darasa la nne, na kusoma vizuri nilijifunzia kwenye matairi, ndiyo maana herufi zangu kubwa kubwa.

Mimi dukani niliingilia mlango wa chai. Mume wangu alipofariki nilikuwa nauza vitumbua na chai ya tangawizi nje ya duka la Mzee Hamdani, nyuma ya soko. Asubuhi moja yule aliyekuwa anaosha matairi ya mtumba hakuja, na kontena limeshashushwa. Mzee akatoka nje akaniangalia, akasema, "Bi Zuhura, wewe unaosha masufuria?"

"Naosha."

"Basi tairi ni sufuria lisilo na mfuniko. Njoo."

Nilidhani ni ya siku hiyo tu. Vitumbua vyangu vya asubuhi ile watu wa duka walivimaliza wenyewe, na sikurudi tena kwenye jiko la mkaa.

Kuosha tairi si kazi ya kijinga, wanangu. Ukiliosha unalijua. Fundi Mbaraka alikuwa anapita nyuma yangu, mtu mrefu, mkimya, kofia ya viua haimtoki kichwani, anasema, "Usifute tu. Lipinde." Ukilikunja tairi kuukuu chini ya kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyoshika barabara, utaona nyufa ndogo ndogo kama za kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Hilo hata kama kashata zimejaa, ni mzee. Halafu unabonyeza kwa ukucha. Mpira mzima unakubali ukucha na kuurudisha. Uliokufa unagoma. Halafu unatafuta zile tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki, mbili za mwaka lilipozaliwa. Mbaraka alinifundisha kuzisoma hizo kabla ya kitu kingine chochote. "Mtu anaweza kukudanganya umri wake," akasema, "tairi haliwezi."

Kosa la watu wa mjini kwetu wakati ule lilikuwa moja, na mpaka leo bado wapo. Magari yanatoka Japani yakiwa na matairi ya theluji. Mteja anayaona kashata nene, laini, zina mikato mingi kama mkate wa ajemi, anafurahi, anasema nimepata matairi mapya bure. Bwana huyo anaegesha juani pale Buguruni, anakwenda na kurudi kazini, na kabla mwaka haujaisha anakuja kwetu na vipara vinne, analalamika kwamba lami ya Dar es Salaam ni mbaya. Lami haina kosa. Mpira wa barafu kwenye jua letu ni kama siagi kwenye kikaango.

Sasa nije kwenye kuita.

Sijui duka lingine Kariakoo lililokuwa na desturi ile. Kwetu tairi lilikuwa haligusi gari kabla halijaitwa. Muuzaji anasimama, analiweka mbele yake, anasoma ubavu wote kwa sauti: upana, kimo, rimu, namba ya mzigo, herufi ya mwendo, wiki na mwaka, na mwisho linavyotazama. Fundi anajibu, "Nimesikia." Hapo ndipo linapanda mashine. Mzee Hamdani alisema sababu yake ni kwamba matairi yote ni meusi. Mteja asikie, fundi asikie, muuzaji ajisikie mwenyewe, ili baadaye asiwepo mtu wa kusema hakuambiwa.

Mwanzoni alikuwa anaita Mzee mwenyewe. Kifua kilipomzidi akaniachia mimi. Mara ya kwanza sauti ilitetemeka mpaka wapiga debe wa upande wa pili wakacheka. "Bibi anaadhini!" Nikawaambia waje wakaswali basi. Baada ya hapo sikuona aibu tena. Nilikuwa naita, "Mia mbili na kumi na tano! Hamsini na tano! Kumi na saba!" na kutoka chini ya gari inatoka sauti nene, ya taratibu, "Nimesikia." Kila tairi, kila siku. Watu walitutania. Mama mmoja wa mgahawa alikuwa anauliza mbele yetu, "Nyie wajane wawili mnaitana mchana kutwa, si muoane tu mpumzike?"

Mbaraka alimjibu bila kuinua kichwa, "Nikimuoa atakaa nyumbani. Nani ataniitia matairi?"

Nilicheka na wengine. Jibu lile nimekuwa nikilifikiria mara nyingi, hasa tangu niwe na nafasi ya kufikiri.

Halafu zikaja zama za rimu kubwa. Vijana walianza kuleta magari yenye rimu pana, zinang'aa kama sinia la harusi, wanataka matairi ya kasi. Ubavu mwembamba, mpira umekaa kama kanda ya kiatu. Mzee Hamdani alikuwa hayapendi, ila biashara ni biashara. Baadaye kidogo yakaja yale ya kasi na ya msimu wote kwa pamoja, ndiyo haya mnayouza sana siku hizi. Wateja walikuwa wananicheka nikiwaambia jina.

"Msimu wote upi, bibi? Huku kwetu si jua na mvua tu?"

"Na vumbi," nawaambia. "Na mashimo. Na maji ya Jangwani. Wewe unahesabu misimu miwili, gari lako linahesabu mitano."

Niwaambie nilivyokuwa nachagua, maana hili mmeniuliza. Sikuanza na tairi. Nilianza na mtu. Unapita wapi kila siku? Unabeba nani? Gari linalala kwenye lami au kwenye mchanga? Unapenda kukimbia, au unapenda kuonekana unakimbia? Hawa wa mwisho ni wengi, na hawahitaji tairi la kasi, wanahitaji kioo. Lakini yupo anayekimbia kweli, kwenye barabara kuu, mvua ikimkuta njiani. Huyo ndiye mwenye haki ya tairi hili. Mpira wake unashika kona, hauyeyuki juani kama wa theluji, na mifereji yake mipana inatema maji. Ila lina wivu. Halitaki shimo. Ubavu mwembamba ukiingia shimoni kwa mwendo, siku ya pili unaota nundu, na tairi lenye nundu halitibiwi, linazikwa. Halitaki upepo wa kubahatisha. Lipime asubuhi likiwa baridi, si baada ya kuzunguka mji mzima ukadhani limejaa kumbe limepata joto. Na likianza kula bega moja, msilaumu tairi, pelekeni gari likanyooshwe magurudumu.

Mteja niliyemchagulia vizuri kuliko wote alikuwa Dada Happiness. Kila Desemba Wachaga wanapanda kwao, mnawajua, mji unabaki na nafasi ya kupumua. Yeye alikuwa anaendesha mwenyewe, peke yake, kutoka alfajiri, gari limejaa sufuria za mama yake na sukari ya mbege. Na anakimbia. Alikuwa hafichi. "Bi Zuhura, mimi basi halinipiti."

Njia ile ina kila kitu. Chalinze unachomwa na jua, kuelekea Mombo mvua inaweza kukukuta bila kukubishia hodi, na ukifika Rombo jioni kuna ukungu na baridi mpaka lami inatoa jasho. Misimu yote kwa siku moja. Nikamwambia tairi lako ndilo hili, ila rimu punguza saizi, upate ubavu wa kutosha. Akanuna. Alitaka zile kubwa za kung'aa. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Haya, nivalishe viatu vya mwalimu." Alipanda, akashuka, matairi hayakuota nundu hata moja. Tangu hapo hakununua kwa mtu mwingine.

Matairi yake ya mwanzo yalikuwa yale ya mshale. Kashata zake zimepangwa kama mabawa ya ndege, na ubavuni kuna mshale unaoonyesha linakozunguka. Ya kulia hayaendi kushoto. Ukiligeuza, badala ya kutema maji linayakusanya. Nilikuwa naita, "Mshale mbele, kulia!" na Mbaraka anajibu kwamba amesikia.

Sasa macho yake.

Niligundua mwezi wa Ramadhani ulipoandama. Tulikuwa tumefunga duka, tunatembea kwenda kupanda magari, tukapita viwanja vya Mnazi Mmoja. Watu wamesimama wananyoosha vidole magharibi. Mwezi mwembamba, mzuri. Nikamwambia Mbaraka, tazama. Akasema, "Mashallah, umeandama vizuri," na uso wake ulikuwa umeelekea kwenye bango la soda.

Tukatembea. Baada ya kitambo akasema yeye mwenyewe, "Zuhura, ulikuwa upande gani?"

Hospitali walishamwambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi, wanaweza tu kukibembeleza kilichobaki. Alikuwa ameanza kupoteza pembeni, ikawa kama anachungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe likawa linaziba. Mke wake alishafariki. Binti yake mmoja ameolewa Tanga. Akaniambia, "Nikikaa nyumbani nitakuwa nasikiliza redio ya jirani. Usinipeleke huko bado."

Ndiyo hapo nilipoielewa desturi ya Mzee Hamdani kwa namna ambayo hata Mzee hakuikusudia. Mbaraka alikuwa anafanya kazi kwa sauti yangu. Mikono yake ilijua mashine, nati, ubavu, vyote. Alichohitaji ni kusikia ni lipi na linatazama wapi. Na mimi nikazidisha. Nikawa naita na yasiyohusu tairi: "Jeki iko kushoto kwako, mwenye gari amesimama nyuma!" Wateja walidhani ni mbwembwe za duka, wengine wakawa wanarekodi kwenye simu. Kelvin ndiye aliyekuwa anakaza nati mara ya mwisho, na hakuna gari lililotoka uani kabla sijalizunguka kwa macho yangu, gurudumu baada ya gurudumu. Hilo nalisema kwa sababu najua mtauliza.

Mzee Hamdani alifariki bila kujua. Au alijua. Yule mzee alikuwa na uso ambao huwezi kuusoma.

Fahmi alipochukua duka hakuwa mtu mbaya, msimsikilize anayesema hivyo. Alikuwa anataka duka lifanane na mengine. Akaweka kompyuta, akajenga chumba cha kioo chenye kiyoyozi, akaniweka humo nipokee wateja. Nje akatundika spika ya muziki. Halafu wiki moja kabla ya siku ile ninayowaambia, akaniita taratibu, kwa heshima.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu."

"Hii kuita, bibi. Wateja wapya wanashangaa. Kila kitu sasa kimo kwenye kompyuta, Kelvin anasoma, anampa fundi. Tupumzishe sauti yako."

"Baba yako alikuwa na sababu zake."

"Najua, bibi. Lakini mwenyewe unaona, tunapiga kelele kama mnada."

Ningemwambia nini? Nikimwambia sababu, Mbaraka anatoka siku hiyo hiyo. Nikaenda kwa Mbaraka nikamwambia. Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe mezani kwa uangalifu, akapapasa ukingo kwanza. "Vidole vipo," akasema. "Kelvin ataniletea, mimi nitapapasa. Mshale umeinuka, unasomeka." Wiki ile nilikuwa natoka kwenye kile chumba cha kioo kila gari likishushwa, nalizunguka kama zamani. Yote yalikuwa sawa. Nikaanza kuamini.

Ndipo akaja Dada Happiness na gari jipya, jeupe, kesho yake alfajiri anapanda Rombo. Nikamchagulia tena ya kasi na msimu wote, lakini haya yalikuwa ya namna mpya. Hayana mshale. Haya yana uso wa nje na uso wa ndani, imeandikwa ubavuni. Nje kashata pana za kushika kona, ndani mifereji mingi ya maji. Yote manne yanakaa namna moja, maandishi ya nje yatazame nje, basi. Kelvin aliyasogeza kwenye mashine, spika inalia, akaenda kwenye gari jingine la karibu. Mimi nikiwa ndani, simu ya mteja sikioni.

Mbaraka alipapasa. Matairi haya yana kialama kidogo cha pembe tatu karibu na kashata, kinachoonyesha pa kupimia uchakavu. Kidole chake kilikutana na hicho, akakichukulia kuwa ncha ya mshale. Akayafunga mawili uso huu na mawili uso ule, kama alivyokuwa akiyafunga yale ya zamani ya Dada Happiness.

Nilipotoka gari lilikuwa limeshashushwa. Dada Happiness yuko kwenye usukani, mlango wazi, anapiga soga na Fahmi habari za nyumbani. Nikazunguka. Kushoto sawa. Nikafika kulia, nikaona maandishi ya ndani yananitazama mimi.

Niliinua kichwa. Mbaraka alikuwa amesimama anafuta mikono kwa kitambaa, ameuelekeza uso kwenye hatua zangu. Ananisikiliza. Zile hatua zangu zilikuwa zimesimama mahali ambapo hazikuwahi kusimama.

Akasema, "Kelvin, zima hiyo spika."

Kelvin akazima. Fahmi akageuka.

"Ita, Zuhura," Mbaraka akasema.

Nikamwambia, "Hakuna, Fundi. Ngoja tulipandishe tena, kuna nati sijairidhia."

"Ita."

"Mbaraka..."

"Huyu dada anakwenda Rombo kwenye mvua. Ita kama ulivyokuwa unaita."

Nikaita. Sijui sauti niliipata wapi. Nikaanza na kushoto mbele, upana, kimo, rimu, yote, uso wa nje uko nje. Akajibu, "Nimesikia." Kushoto nyuma, uso wa nje uko nje. "Nimesikia." Nikaja kulia mbele, nikaita mpaka mwaka, nikakwama. Hakuna aliyenisaidia. Nikasema, "Uso wa ndani uko nje."

Mbaraka alikikunja kile kitambaa. Halafu akasema, "Nimesikia," sauti ile ile. Na baada ya hapo, "Bwana Fahmi, mimi sioni. Sioni siku nyingi. Zuhura alikuwa ananionea, na duka likiwa linaita nilikuwa nafanya kazi yangu sawasawa. Sasa haliiti, na hili limenipita. Mshushe dada kwenye gari."

Dada Happiness alishuka mwenyewe, ameshika kichwa. "Huoni? Tangu lini, Fundi?"

"Tangu una lile gari la bluu."

"Mungu wangu! Yaani mimi nimepanda Rombo miaka yote hiyo kwa matairi yaliyofungwa na mtu asiyeona?"

Kelvin, ambaye hata siku hizi hajui pa kunyamaza, akasema, "Na miaka yote umerudi salama, dada."

Dada Happiness akamwangalia kama anataka kumzaba kibao, halafu akaanza kucheka, halafu akalia kidogo. Kelvin aliyafungua yale mawili akayageuza. Niliyaita yote manne upya, na safari hii aliyejibu ni Kelvin. Mbaraka alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, viganja juu ya magoti.

Fahmi alimwita ndani. Nilidhani anamfukuza, nikawa nimeshapanga maneno yangu. Kumbe alimwambia abaki. Akamwekea kiti mlangoni, akae, apokee wateja, mshahara wake uwe ule ule. Na kuita kukarudi, spika ikashushwa. Fahmi alisema mbele ya wote kwamba alikosea kuiondoa. Si kila mwenye duka anaweza.

Lakini kiti, wanangu. Nilikiona kiti kile kikifanya kazi ambayo presha ya macho ilishindwa kuifanya. Mteja anafika, "Shikamoo, Fundi," anapita. Mwingine, "Mambo, mzee?" anapita. Wanakwenda uani kwenye kelele na mafuta na vicheko. Mimi naita, Kelvin anajibu. Na Mbaraka kule mlangoni nilikuwa namwona midomo inatikisika. Alikuwa anajibu kimya kimya. Siku moja nilipomaliza kuita nikageuka, kiti hakina mtu. Alikuwa amemwomba mtu ampeleke kwenye basi.

Alikwenda Tanga kwa binti yake. Mwanzoni nilikuwa napiga simu Ijumaa, namsomea yaliyoingia. "Kuna mapya, Fundi, ya kasi, msimu wote, lakini mpira mgumu, nimebonyeza kwa ukucha sijayapenda." Anauliza wiki na mwaka, namwambia, anasema amesikia. Halafu simu ikawa inapokelewa na wajukuu, babu amelala, babu yuko msikitini. Halafu ikawa haipokelewi. Nikajua amefariki kwa mtu aliyepita dukani kununua valvu, alishazikwa siku nyingi. Nilimpigia binti yake kumpa pole. Alisikitika kweli. Akasema kwenye simu ya baba yake namba yangu ilikuwa imeandikwa "Dukani", na hawakuona sababu ya kulitangazia duka.

Simlaumu. Ni kweli ilikuwa namba ya dukani. Na mimi nilikuwa nani wa kutangaziwa?

Niliendelea kuita mpaka magoti yalipokataa. Nyie mmekuja baadaye, mmenikuta hivyo, mnanijibu na vile vidude vya muziki masikioni, mnasema "Freshi, bibi." Sikuwa nawagombeza, ila neno si hilo. Neno ni "nimesikia". Mtu akijibu freshi hujui amesikia nini. Na mnaonisoma sasa, shikeni hili hata mkiyasahau mengine yote: likiwa la mshale tafuta mshale wote, si ncha, likiwa la nje na ndani soma neno lenyewe, na mwenzako akikwambia anaona, lizunguke gari hata hivyo.

Sasa nipo Magomeni, kwenye nyumba aliyoniachia mume wangu. Wapangaji wanatoka alfajiri wanarudi usiku. Wanangu wako mbali na wanapiga simu sikukuu. Mvua ikinyesha nakaa barazani nasikiliza magari yanapita majini, na kwa mlio najua lipi lina kashata na lipi ni kipara. Nasema peke yangu, huyu abadilishe. Hakuna wa kunijibu.

Nimeandika nilivyokumbuka, na nimetaja majina kwa sababu mtu asiyetajwa anapotea mara mbili. Lakini mimi ni mtu mzima, huenda nimechanganya. Kelvin anabisha kwamba tairi nililokwama nalo ni la kulia nyuma, mimi nasema la mbele. Dada Happiness, kama haya yatakufikia, lile gari lilikuwa jeupe au la kijivu? Bwana Fahmi, nani hasa alizima spika, Kelvin au wewe? Na yupo anayekumbuka kofia ya Mbaraka siku ile ilikuwa ipi? Mimi naiona nyeupe, lakini labda naipenda tu iwe nyeupe. Nilipokosea nisahihisheni. Ila msinisahihishe kwa simu, mtu wa simu anasema neno moja anakata. Njooni. Mchana nipo, mlango uko wazi mpaka magharibi, na hata asiye na la kusahihisha aje aniambie kwamba nimekumbuka vyema.